Chagua Geti Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kwenda Kuwaona Gorila wa Milimani

Mara ya kwanza nilipokwenda kuwaona gorila, nililala upande usio wangu wa msitu. Nyumba ya wageni niliyolipia ilikuwa Buhoma, kaskazini mwa msitu wa Bwindi nchini Uganda. Kibali cha kuwaona gorila alichonikatia wakala kilikuwa cha Rushaga, kusini. Kwenye simu sehemu hizo mbili zinaonekana kama majirani, lakini katikati yake ni mlima, bonde, mlima tena. Dereva aliniamsha saa tisa usiku, tukaenda kwa mwanga wa taa kwenye barabara ya vumbi inayozunguka mabonde, nikafika getini nimechoka kabla sijapiga hatua hata moja msituni.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza "Niende Uganda au Rwanda?" namjibu kwamba nchi ni swali la pili. La kwanza ni geti. Kila geti lina mlima wake, barabara yake, baridi yake na familia zake za gorila. Ukilijua geti linalofaa miguu yako na mfuko wako, mengine yote yanajipanga.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kumwona nani

Sisi Watanzania tumezoea kusema "sokwe" tukimaanisha wale wa Gombe na Mahale. Wale ni sokwe mtu. Gorila ni mnyama mwingine, mkubwa zaidi, anayekaa zaidi chini kuliko juu ya miti, na Tanzania hatuna wa porini. Kenya vilevile hakuna.

Gorila wa milimani wako sehemu mbili tu duniani. Ya kwanza ni safu ya volkano za Virunga, ambayo Rwanda, Uganda na Kongo zinagawana: upande wa Rwanda ni Hifadhi ya Taifa ya Volkano, upande wa Uganda ni Mgahinga, upande wa Kongo ni Virunga yenyewe. Ya pili ni msitu wa Bwindi nchini Uganda, pamoja na kipande cha Sarambwe kilichoungana nao upande wa Kongo. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata gorila 604 Virunga, na ile ya 2018 ikapata 459 Bwindi na Sarambwe. Jumla 1,063. Idadi hiyo imekuwa ikipanda, na mwaka 2018 wakaondolewa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka na kuwekwa kwenye daraja la walio hatarini. Hata hivyo wote kwa pamoja hawafiki wanafunzi wa shule moja kubwa ya msingi.

Tahadhari moja hapa. Ukiona safari ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ujue gorila wa kule ni wa nyanda za chini za mashariki. Ni wazuri, ni wakubwa mno, ila si wa milimani. Muuzaji asikuchanganye.

Hatua ya pili: jua bei yako, si bei ya mzungu

Watu wengi wa Afrika Mashariki hukata tamaa hapa kabla ya kuuliza. Wanasikia kibali cha Rwanda ni dola 1,500, wanafunga simu. Hiyo ni bei ya mgeni kutoka nje ya Afrika, na imekuwa hivyo tangu Mei 2017 ilipopanda kutoka dola 750. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa dola 200 Rwanda. Raia wa nchi nyingine za Afrika analipa dola 500.

Uganda unafuu wetu ni mkubwa zaidi. Mgeni wa mbali analipa dola 800 tangu Julai 2024, Mwafrika wa nje ya Jumuiya dola 500, na raia wa Jumuiya shilingi 300,000 za Uganda. Hiyo ni chini ya dola 100 kwa saa moja mbele ya mnyama ambaye watu huvuka bahari kumwona. Jumuiya sasa ina nchi nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Kama pasipoti yako ni ya mojawapo, bei hiyo ni haki yako.

Kwa hiyo unapowasiliana na wakala, sentensi ya kwanza iwe: "Mimi ni raia wa Jumuiya, naomba bei ya kibali na bei ya huduma zako ziandikwe mbalimbali." Nimekutana na dada mmoja kutoka Arusha aliyeuziwa safari nzima kwa jumla moja. Tulipokaa jioni kuichambua hesabu yake, tukakuta alikuwa amelipia kibali bei ya mgeni. Kibali chenyewe mkononi kilisomeka cha raia wa Jumuiya. Iliniuma sana, kwa sababu alikuwa amechanga kwa mwaka mzima.

Kitambulisho chako kitaangaliwa asubuhi ya safari, na jina lilingane na lililo kwenye kibali, herufi kwa herufi.

Kuhusu Kongo nitasema kwa kifupi, na nasema kwa huzuni. Virunga ilianzishwa mwaka 1925, ndiyo hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Afrika, na watu wake wanazungumza Kiswahili kitamu. Lakini Aprili 2020 askari 12 wa hifadhi waliuawa karibu na makao makuu ya Rumangabo, vita vikaendelea kuenea, na Januari 2025 Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kwa sasa usiiweke kwenye mpango, hata mtu akikuahidi bei rahisi.

Hatua ya tatu: chagua geti

Hapa usiende haraka. Yamebaki mageti sita.

Kinigi, Rwanda. Hili ndilo lango la Hifadhi ya Volkano, juu kidogo ya mji wa Musanze ambao wazee bado wanauita Ruhengeri. Kutoka Kigali ni lami tupu, saa mbili hadi mbili na nusu. Wageni wote wa siku hiyo hukusanyika mahali pamoja saa moja asubuhi, ndipo wanagawiwa familia. Kwa aliye na siku mbili tu, au mwenye wazazi wazee, hakuna geti linaloshinda hili, kwa sababu asubuhi ile ile unaweza kumweleza mwongozaji hali ya miguu yenu akawapa familia iliyo karibu. Kwa miaka mingi familia ya Susa imejulikana kwa kukaa mbali, kwenye miteremko ya Karisimbi, na ile ya Sabyinyo kwa kukaa karibu. Lakini gorila hawafungwi kamba, kila siku na mahali pake.

Msitu wa Virunga una uwazi kuliko Bwindi. Kuna mianzi, kuna nyasi ndefu, kuna sehemu ambapo gorila wanakaa kwenye mwanga na unamwona mzima, kichwa hadi miguu. Kasoro zake ni mbili. Urefu: mpaka wa hifadhi wenyewe uko juu ya mita 2,000 na kitu, na Karisimbi inafika mita 4,507, kwa hiyo pumzi hukata mapema. Ya pili huwakumba wanaokwenda kwa basi. Kutoka Kinigi hadi mahali pa kuanzia kupanda, hifadhi haikupi gari. Lazima uwe na lako, tena lenye nguvu. Basi kutoka stendi ya Nyabugogo, Kigali, litakufikisha Musanze kwa bei nafuu, lakini gari la asubuhi ulikodi tangu jana yake, au uombe nafasi kwa wageni wenzako kwenye nyumba mnayolala.

Buhoma, Bwindi kaskazini. Hapa ndipo utalii wa gorila wa Uganda ulipoanzia, mwaka 1993, na familia ya Mubare. Kijiji kimezoea wageni, nyumba za kulala ni za kila bei, na hospitali ya jamii ya Bwindi iko hapo hapo. Njia zake kwa kawaida si za kutisha kama za kusini. Ukija na mama mwenye miaka 60 na kitu, na hamtaki kuingia Rwanda, leteni miguu yenu hapa.

Ruhija, mashariki. Ndipo juu zaidi kati ya mageti ya Bwindi, na baridi yake asubuhi ni ya kushika vidole. Nyumba za wageni ni chache. Nilipapenda kwa ukimya na kwa ukungu unaokaa kwenye mianzi hadi saa nne, lakini jiandae kutembea mbali.

Rushaga, kusini. Kwa msomaji wa Jumuiya anayejilipia mwenyewe, hili ndilo chaguo langu. Lina familia nyingi kuliko mageti mengine ya Bwindi, kwa hiyo vibali vyake ndivyo huchelewa kuisha. Liko karibu na mji wa Kisoro, na kwa anayetokea Kigali ni safari ya nusu siku tu. Milima yake ni mikali, sikufichi. Rushaga pia kuna ile safari ya kuwazoesha gorila: watu wanne tu, saa nne pamoja na familia ambayo bado inajifunza kutowaogopa binadamu. Kwa mgeni wa mbali kibali chake ni dola 1,800, na wote hulipa zaidi ya kile cha kawaida. Kama ni mara yako ya kwanza, saa moja ya kawaida inakutosha, niamini.

Nkuringo, kusini magharibi. Kijiji kiko juu ya ukingo, gorila wako chini bondeni. Maana yake unaanza kwa kushuka, ukiwa na nguvu, na unamaliza kwa kupanda, ukiwa umechoka. Mwenye goti bovu asiende. Mwenye miguu mizuri ataipata tuzo yake asubuhi kukiwa kweupe, volkano za Virunga zimejipanga kwenye upeo kama wazee barazani. Ni hapa alipoishi Rafiki, dume mkuu wa familia ya Nkuringo, aliyeuawa kwa mkuki wa jangili Juni 2020 wakati corona imefunga utalii. Aliyemuua alihukumiwa miaka 11 jela. Watu wa Nkuringo bado wanalitaja jina lile, na kwa sisi tunaojua maana yake linachoma zaidi.

Mgahinga, Uganda, kwenye volkano. Hifadhi ndogo sana, kilomita za mraba 33 na kitu, yenye familia moja tu iliyozoeshwa, Nyakagezi. Zamani familia hii ilikuwa ikivuka mpaka kwenda Rwanda itakavyo, wageni wakabaki wanatazamana. Faida yake ni utulivu, na kwamba siku ya pili unaweza kwenda kuwaona kima wa dhahabu kwenye mianzi. Siipendekezi kwa mtu mwenye tarehe moja tu, kwani familia ni moja: kundi la watu wanane likishajaa, limejaa.

Nikifupisha uamuzi: siku mbili na wazee, Kinigi. Wazee lakini bajeti ya Uganda, Buhoma. Vijana na bajeti ndogo, Rushaga. Waliokwisha kuona na wanataka mlima wa kweli, Nkuringo au Ruhija.

Hatua ya nne: tazama njia kabla hujalipa

Kutoka Dar es Salaam au Nairobi, ndege hadi Kigali ndiyo njia fupi hata kama unakwenda Uganda kusini. Unapita Musanze, unavuka mpaka wa Cyanika, dakika chache uko Kisoro. Wengi hushangaa kwamba Bwindi kusini iko karibu zaidi na Kigali kuliko Entebbe. Kutoka Entebbe au Kampala kwa gari ni siku nzima, saa nane hadi kumi, isipokuwa ukipanda ndege ndogo hadi Kihihi (kwa Buhoma) au Kisoro (kwa Rushaga, Nkuringo na Mgahinga).

Sisi wa Kagera tuna njia yetu: Bukoba, Mutukula, Masaka, Mbarara, Kabale. Barabara ni nzuri, na kuanzia Mbarara Mhaya anasikia lugha ya bibi yake ikisemwa sokoni kwa lafudhi nyingine. Mimi na mpagazi wangu Mkiga tulipanda mlima mzima tukisimuliana, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Wakenya wanashuka kwa Busia au Malaba, Kampala, kisha barabara ile ile ya Mbarara na Kabale. Kabale ni mahali pazuri pa kulala usiku mmoja. Ziwa Bunyonyi liko pembeni yake.

Mwenye gari lake akumbuke kwamba Rwanda wanaendesha kulia. Pia atahitaji kadi ya njano, na hapa watu huchanganya, kwani kadi za njano ni mbili: ile ya bima ya gari ya COMESA, na ile ya chanjo ya homa ya manjano. Beba zote. Ya chanjo inaulizwa hata ukipita kwa miguu, na chanjo inatakiwa iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti. Na mifuko ya plastiki iache nyumbani, Rwanda wameipiga marufuku tangu 2008 na mpakani hawabembelezi.

Hatua ya tano: chagua mwezi

Kiangazi ni Juni hadi Septemba, na Desemba hadi Februari. Njia zinakauka, wageni wanajaa, vibali vinaisha mapema. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba na Novemba ni miezi ya tope, lakini ina siri yake: mvua inapochipuza mianzi kule Virunga, gorila hushuka kula machipukizi, na matembezi yanaweza kuwa mafupi ajabu. Nyumba za wageni nazo hupunguza bei. Mimi ningekwepa Aprili, hasa kwa Bwindi, kwa ajili ya barabara kuliko msitu. Miezi mingine ya mvua haiogopeshi ukiwa na koti zuri.

Hatua ya sita: lipa kwa mpangilio huu

Kibali kwanza, malazi pili, usafiri tatu. Kamwe usianze na malazi, kosa langu lilitokana na hilo. Kwa Uganda, vibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yenye ofisi kuu Kampala, au kupitia wakala aliyesajiliwa. Kwa Rwanda ni Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, na unaweza kununua mtandaoni. Kwa miezi ya kiangazi anza miezi minne hadi sita kabla. Kwa masika hata wiki chache zinatosha.

Ukipokea kibali, kabla ya kushukuru soma vitu vinne: jina, tarehe, geti, daraja la bei. Kwa Uganda kibali kimefungwa kwenye geti lake, hakihamishiki kwa sababu hoteli yako iko kwingine. Kisha tafuta malazi yaliyo ndani ya nusu saa ya geti hilo. Muulize mwenyeji wazi: "Kutoka kwenu hadi mahali pa maelekezo ya asubuhi ni dakika ngapi kwa gari?" Asipoweza kujibu kwa dakika, tafuta mwingine.

Hatua ya saba: mwili

Umri wa chini ni miaka 15, bila mjadala. Ukiwa na mafua, kikohozi, homa au kuharisha, hutaruhusiwa, na usifiche. Gorila wako karibu nasi kiasi kwamba mafua yetu wanayapokea, lakini hawana kinga tuliyonayo. Kikohozi chako cha kawaida kinaweza kumzika mtoto wao. Ndiyo maana tunavaa barakoa tukiwakaribia, na bila malalamiko.

Wiki sita kabla, panda ngazi. Jengo lolote lenye ghorofa, panda na kushuka nusu saa, mara tatu kwa wiki, wiki za mwisho ukiwa na begi mgongoni. Kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, na wengi hufanya mazoezi ya kupanda tu. Asiyeweza kutembea kabisa bado ana njia: vijana wa vijijini humbeba mgeni kwa machela, ambayo Bwindi wanaiita "helikopta". Ni ghali na inahitaji watu wengi wanaopokezana, lakini nimeona bibi mmoja akirudi kutoka bondeni analia kwa furaha. Machela iombwe mapema.

Hatua ya nane: begi

Viatu vya kufunika kifundo, vilivyokwisha kuvaliwa. Kiatu kipya ni adui. Soksi ndefu zivutwe juu ya suruali, na sababu ni siafu. Ukikanyaga msafara wao bila soksi hizo utavua suruali mbele ya kadamnasi. Shati la mikono mirefu. Glavu za bustani, hata za bei rahisi, kwani mkono hutafuta pa kushika na msituni kuna majani yanayowasha kama upupu. Koti la mvua hata kiangazi. Maji lita mbili na chakula cha mchana, maana unaweza kurudi saa tano asubuhi au saa kumi na moja jioni. Nguo za rangi ya udongo au kijani.

Beba noti ndogo ndogo za nchi unayokwenda.

Hatua ya tisa: siku yenyewe

Wakati wewe unakunywa chai, wafuatiliaji wameshaingia msituni. Wanaanzia pale gorila walipoonekana jana, wanatafuta viota walivyolala, kwani kila gorila mkubwa hujenga kiota kipya kila usiku, na kutoka hapo wanafuata majani yaliyokanyagwa. Kwa redio wanamwambia mwongozaji wenu familia iko upande gani. Mtakuwa wageni wasiozidi wanane kwa familia moja.

Getini, kabla makundi hayajagawanywa, ongea. Sema goti langu bovu, au sema nataka kutembea. Usingoje wakupangie ndipo unung'unike.

Halafu chukua mpagazi. Hata kama begi ni jepesi. Wenzetu wa Kilimanjaro wanawaita wagumu, na hawa wa Bwindi ni wagumu kweli: watakusukuma kwa nyuma kwenye kichuguu cha tope na kukuvuta kwa mbele. Malipo ni kiasi cha dola 15 hadi 20 kwa siku. Wengi wao ni vijana wa kaya zinazopakana na msitu, na kila siku ya kazi hii inamfanya gorila awe na thamani akiwa hai. Ukipata nafasi, sikiliza pia simulizi za Wabatwa, ambao msitu huu ulikuwa nyumba yao hadi walipotolewa mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa. Mgahinga wana njia yao wanayowaongoza wageni wenyewe.

Hatua ya kumi: ile saa moja

Mkikaribia, mwongozaji atawaambia muache mabegi, fimbo na chakula kwa wapagazi. Vaa barakoa, zima mwanga wa kamera, na uuzime kweli, ujaribu kwa kupiga picha chini. Kama unahitaji haja, sema mapema. Litachimbwa shimo refu na kufukiwa.

Kisha utamsikia mwongozaji akitoa sauti kooni, kama mzee anayesafisha koo barazani: mmm-hmm. Anapiga hodi. Na kutoka kwenye majani utasikia wakiitikia.

Mimi wa kwanza kumwona ulikuwa mkono tu. Mkono mweusi, kucha kama zetu, ukitoka kwenye kichaka, ukakamata shina, ukalivuta taratibu, na vidole viwili vikalimenya ganda kama mama anavyomenya muhogo, bila haraka. Halafu kichaka kikafunguka akatoka dume lenyewe, mgongo wa rangi ya fedha, upana wa mlango. Alitutazama mara moja. Baada ya hapo hakutujali tena, na watoto wakaanza kuporomoka mgongoni kwake mmoja mmoja.

Kaa mita 10. Mtoto akikujia kwa udadisi, wewe ndiye unayerudi nyuma. Dume akikurukia kwa vishindo, usikimbie: inama, tazama chini, fuata mwongozaji. Kikohozi kikikubana, geuka, kohoa kwenye kiwiko. Usile, usiteme mate. Na kamera, tafadhali, piga picha kwa dakika 15 kisha ishushe. Saa moja inahesabiwa na haiongezwi hata ukilia, na nimeshuhudia watu wakirudi na picha 600 na kumbukumbu ya kioo cha simu.

Mkiondoka, sogeeni kwanza mbali na familia ndipo mzungumze. Njia ya kurudi ndiyo yenye kuteleza, kwa kuwa mawazo yako yamebaki nyuma, hivyo mshike mpagazi mkono bila aibu. Kule chini, kabla hujaingia garini, mlipe yeye mwenyewe mkononi, pamoja na cha asante kwa mwongozaji na kwa wafuatiliaji waliotangulia alfajiri. Hao wafuatiliaji usiwasahau, mara nyingi huwa wamebaki msituni, kwa hiyo fungu lao mwachie mwongozaji na umtajie kuwa ni lao.